Kabla Hujautundika Msitu Wako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimamisha cherehani kabisa. Tarehe ya safari nimeisikia. Nimesikia pia kwamba miti mmeshapewa, kwamba watu zaidi ya mia mbili wameahidi kuleta nguo za wapendwa wao waliofariki, na kwamba nguo hizo zitakatwa majani, ndege na maua ya kutundikwa matawini ili watu watembee chini yake. Hongera sana. Naitoa mapema hongera yangu, isije ikazama katika haya yanayofuata.

Mdogo wako alikuuliza: msitu ukishavunjwa, nguo zinakwenda wapi? Ukajibu, "Tutaona," kisha ukaendelea na habari za kamba na ngazi. Mimi nimebaki pale pale kwenye "tutaona". Leo siku ya nne.

Mtu akikuletea shati la marehemu mume wake, wewe unaona pamba, unaona kola iliyolika, unaona jani litakavyotoka. Ndiyo kazi yako, na macho hayo nimekufundisha mwenyewe. Lakini yeye huenda amelala na shati hilo chini ya mto wake miezi mingi. Ukishalikata si shati tena, na hakuna fundi wa kulirudisha. Amekubali likatwe kwa sababu amekuamini, na kuamini kwake hakuishii siku mtakayoshusha kamba. Siku hiyo atakuja kuuliza. Utamwambia nini?

Yale maelezo uliyonitumia kuhusu blanketi la viraka la UKIMWI la Marekani, lile la kuwakumbuka waliokufa kwa ugonjwa huo, nimeyasoma hadi mwisho, tena nikatafuta mengine. Wengi hushangaa ukubwa. Mwaka 1987 lilipotandazwa Washington kwa mara ya kwanza lilikuwa na vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6, kiasi cha kaburi la mtu mzima. Sasa ni karibu vipande 50,000 na uzito wa tani 54. Mimi kilichonishika ni kwamba vipande vinane vinane vimeunganishwa kuwa mraba mmoja wa futi 12, ili vikunjike, vibebeke, vihifadhiwe. Hapo kuna mtu aliyefikiria kesho. Na yuko mshonaji, Gert McMullin, aliyeanza nalo mwaka ule ule wa 1987 na amekaa nalo miongo yote, akiunganisha, akirekebisha mishono inayofumuka, akihama nalo lilipohamishwa. Mwaka 2020 wakati wa korona alishona barakoa kwa vitambaa vilivyokuwa vimebaki kwenye kazi hiyo hiyo. Sasa niambie, katika msitu wako, mtu huyo ni nani? Kama ni wewe, sema ni wewe, na ujue ni kazi ya umri mzima. Kama si wewe, mtafute kabla hamjapokea shati la kwanza.

Najua utasema baba anaanza tena. Naanza tena.

Matumbawe ya kufuma nayo nimeyapenda, sikufichi. Wale mapacha, Margaret na Christine Wertheim, walianza mwaka 2005 baada ya kuona matumbawe halisi ya baharini yanakufa kwa maji kupata joto, na sasa maelfu ya watu katika miji mbalimbali wamefuma ya kwao. Nilivutwa zaidi na ile hesabu iliyo chini yake. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cornell, aligundua kwamba kuna umbo gumu la kihisabati unaloweza kulishika mkononi ukilifuma kwa kroshia: ongeza kitanzi kimoja kila baada ya idadi ile ile ya vitanzi, bila kuacha. Nilichukua sindano ya kroshia ya mama yako nikajaribu, kila vitanzi vitano nikiongeza kimoja. Mizunguko ya kwanza hakuna kitu. Kisha ukingo ukawa mrefu kuliko nafasi iliyopo, ukaanza kujikunja wenyewe, huku na huku, mpaka mkononi nikawa na tumbawe. Nimeshona marinda miaka yote hii kwa kanuni hiyo hiyo, nguo nyingi pembeni kuliko kiunoni, na sikuwahi kujua kwamba bahari nayo inashona hivyo.

Nilipokuwa nalitazama nikawaza watu wako mia mbili. Kila atakayekuja atamwambia jirani, na jirani ana kabati lake. Watakuwa mia nne. Miti yako itatosha? Orodha yako itatosha? Andika daftari tangu siku ya kwanza: nani ameleta, nguo gani, ya nani, jani liko mti upi, na analitaka lirudi au la. Muulize siku hiyo hiyo anayolileta, usingoje mwisho wakati kila mtu amechoka. Muulize kwa upole, na akisema hajui, andika "hajui" na umuulize tena baada ya wiki mbili.

Tena usipokee nguo bila kujua imefumwa kwa nyuzi gani. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uguse kwenye moto. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Hili si jambo dogo, maana ndilo litakalokupa nusu ya jibu. Pamba tupu ukiitia kwenye udongo wenye unyevu huoza, na kama mwenyewe ameridhia inaweza kuzikwa chini ya mti ule ule ilipotundikwa. Huo nao ni mwisho, na kwangu ni mwisho mzuri kuliko ghala lenye panya. Poliesta haiozi. Itabaki miaka na miaka ikimwaga vinyuzi vya plastiki kwenye ardhi mnayosema mnaienzi. Rangi nyekundu nazo ziloweke kwanza, maana mvua ya kwanza itazichujisha zote kwenye nyeupe za jirani. Hariri usiiweke penye jua la mchana. Jua huila hariri, mwishoni inachanika ukiigusa tu.

Na nyuzi za nailoni zisibaki zinaning'inia. Ndege hunasa miguu humo wakafa. Isiwe mmetundika ndege wa vitambaa huku mnaua wa kweli. Mti nao usifungwe kwa waya, na usipigiliwe msumari. Tumia mkanda mpana wa turubai, uulegeze kidogo, upitie kila wiki.

Kwa hayo yote sina shaka na wewe. Mshono wako wa mkono ni safi kuliko wangu. Nimekuwa nikilisema hilo kwa wateja kila siku ila kwako sikulisema, sasa umelisikia.

Lililoniudhi ni lile tangazo. Mmeandika "Njoo Upone". Mwanangu, nani amekupa ruhusa ya kuahidi? Nimewapima watu nguo za msiba kwa miaka mingi kuliko umri wako, nikiwa nimesimama nyuma yao na futi mabegani, na ninayajua wanayosema wakiwa hawanioni uso. Wengine wanatoka wepesi. Wengine wanatoka na uzito uleule na gauni lililowakaa vizuri, basi. Ukimwahidi mtu kupona naye akarudi nyumbani usiku akakuta kitanda kile kile, atadhani kasoro ni yake. Futa neno hilo. Andika "Njoo tushone." Wanaojua watajua.

Nimesoma habari za wanawake wa Chile, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973, waume na watoto wao walipochukuliwa wasionekane tena. Walishona picha kwa viraka juu ya vitambaa vya gunia, na mara nyingine viraka vyenyewe vilikatwa kwenye nguo za hao waliopotea. Nyuma ya picha nyingi huwa kuna milima ya Andes, na jua juu yake. Mbele watu wanauliza, "Wako wapi?", na mlima uko palepale. Nilikaa na hilo jioni nzima. Sijui kwa nini mlima unafariji kiasi kile, lakini unafariji. Labda ndiyo sababu na wewe umechagua miti, wala sikukuuliza sababu.

Ninalotaka ulione kwa wanawake wale ni kwamba sindano walishika wenyewe. Usiwashonee watu wako. Najua utatamani, maana mshono wa mtu anayelia unakwenda kombo na wewe hupendi mshono uliokwenda kombo. Uache. Waketi mezani, macho chini, mikono ina kazi. Mtu akiwa anapitisha uzi husema jambo ambalo hawezi kulisema ukimtazama machoni, na akinyamaza, hakuna anayeona kwamba amenyamaza. Usimhoji. Usimwambie usilie. Na awepo hapo mtu aliyesomea kusikiliza wafiwa, maana wewe umesomea nguo. Atakapotokea mmoja ambaye jambo lake limezidi meza yenu, na atatokea, mpeleke kwa huyo.

Jioni funga mlango. Osha mikono. Usile ukiwa umekaa katikati ya nguo za watu. Nakuambia hivi kwa kuwa ulipokuwa hapa mara ya mwisho ulilala kwenye kiti cha cherehani siku mbili, na sikukuuliza kisa, nikakufunika tu.

Ila nguo, mwanangu. Nguo. Mtu aliyewahi kuamua peke yake nguo za marehemu ziende wapi analijua swali hili kuliko anayelisoma. Huwa anasema watu wana shida ya nguo, ni vizuri zikavaliwe, kukaa nazo ni kujitesa. Yote ni kweli. Kisha wengine waliokuwa na haki ya kuulizwa wanafika, wanafungua kabati, wanalifunga, na hawasemi kitu. Hapo sizidishi. Kabati uliliona mwenyewe.

Habari za hapa nyumbani ni za kawaida. Bati la juu ya meza ya kukatia linavuja tena, nimesogeza meza dirishani, na kumbe mwanga ni bora huku, nitaiacha. Bomba la nje limetengenezwa. Mdogo wako anajifunza kutia zipu, ametia nne na kuzifumua tatu. Mpigie umtie moyo, asisikie kwangu peke yangu. Nondo waliingia kwenye sanduku la sufu, nimelianika juani na kulipiga brashi, zimeharibika mbili tu. Cherehani yako ndogo nimeitia mafuta na kuibadilisha mkanda, na bobini sita nimekujazia uzi, tatu nyeusi, tatu nyeupe. Ichukue. Mashine ya kuazima itakurushia mshono mbele za watu, na siku hiyo utakuwa huna pa kujificha. Mkasi mkubwa pia uchukue. Mimi nina ule wa zamani.

Jambo la mwisho. Jana nilimwaga gunia la mabaki nikitafuta bitana, nikakuta kipande cha kijani. Nilikijua kabla sijakinyanyua. Kilidondoka chini ya meza siku niliyomkatia mama yako lile gauni, kina pembe tatu, upana wake kama kiganja changu. Magunia ya nguo zake yalipoondoka sikubakiza kitu, kwa hiyo hiki ndicho kilichopo. Hakijawahi kuvaliwa. Hakina jasho lake wala marashi yake. Sijui kama kitu ambacho hakikumgusa kinahesabika katika msitu wako, wewe ndiye utakayeamua. Kinatosha jani moja, dogo, na pindo lake sijalishona, nimekuachia.

Nimekikunja ndani ya bahasha ila bahasha sijaifunga. Nataka jibu kwanza. Ukiniambia kitarudi, nitangoja. Ukiniambia kitazikwa chini ya mti, nitakubali, ni pamba, nimeuchoma uzi wake na kuunusa. Ukiniambia "tutaona", kitakaa hapa kwenye droo ya cherehani.

Piga simu kabla ya safari, usitume sauti.

Baba yako