Mwanangu, usitoke kambini usiku

Kiwira, Rungwe
Februari 2026

Mwanangu Asajile,

Ugonile. Sisi huku hatujambo, ila mama yako hajapata usingizi tangu Jumapili ulipomwambia umeshafunga begi. Mimi ulinikatia simu. Sikulaumu, maana nilikuwa nakufokea. Nimeona niandike, ili niseme ninachotaka kusema mpaka mwisho.

Nasikia Jumamosi usiku, wenzako wakishalala, utatoka kambini kwa klabu yako ya mpira uende stendi ya Magufuli kungoja basi la alfajiri. Nakuomba usitoke.

Sisemi huna haki. Novemba hujalipwa, Desemba hujalipwa, Januari hujalipwa, na mazoezini unakwenda kila asubuhi. Mtu akifanya kazi alipwe. Ila leo hii wao ndio wanaodaiwa. Ukitoka usiku bila barua, Jumapili asubuhi wataandika kwamba mchezaji ametoroka kambini, na kuanzia hapo wewe ndiye utakayejieleza. Miezi mitatu yako itasahaulika mara moja.

Mwalimu jirani yetu, yule aliyekuwa anachezesha ligi ya mkoa, amekaa nami jioni mbili akinisomea kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji kwenye simu yake. Klabu ikishindwa kukulipa mishahara ya miezi 2 au zaidi, unaiandikia kwamba unaidai na unaipa siku 15 ilipe deni lote. Siku 15 zikipita bila malipo, ndipo unapokuwa na sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Siku hizo haziwezi kuhesabiwa tangu siku uliyonung'unika mbele ya meneja. Wewe mwenyewe uliniambia umemdai mara sita. Mara zote sita ni maneno ya mdomo, Asajile. Hakuna hata karatasi moja.

Basi andika barua. Taja miezi, taja kiasi: laki 3 kwa mwezi, miezi 3, laki 9. Chapisha nakala mbili. Moja mwachie katibu, nyingine akugongee muhuri, aandike tarehe na asaini kwamba amepokea. Akikataa, itume kwenye barua pepe ya klabu na uhifadhi ushahidi kwamba imekwenda. Halafu urudi mazoezini. Hapo ndipo najua utanibishia, lakini urudi, kila siku, hata kama wanakupanga na watoto wa chini ya miaka 20, hata kama kocha hakusemeshi. Wasipate siku hata moja ya kuandika kwamba hukuonekana.

Na usinitajie tena Fei Toto, yule mchezaji wa Yanga, kana kwamba alipata njia nyepesi. Kesi ile niliifuatilia redioni mwanzo hadi mwisho. Desemba 2022 aliandika barua ya kuvunja mkataba na kuweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, milioni 100 za kuvunjia mkataba na milioni 12 za mshahara wa miezi 3. Alikuwa na fedha, alipata wanasheria, na jina lake lilijulikana nchi nzima. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Msimu ule ule wenzake wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa 2-1 Dar, wakashinda 1-0 kule Algiers, kombe likachukuliwa na USM Alger kwa faida ya mabao ya ugenini. Yeye hakuwemo. Fainali kama ile mchezaji anaweza asiione tena maisha yake yote. Jambo lilikuja kuisha Juni, baada ya Rais Samia kuwaomba viongozi wa Yanga pale Ikulu walimalize, akauzwa Azam. Wewe nani atakuombea Ikulu? Una mimi na mwalimu.

Mkataba wako nimeutoa kwenye sanduku la mama yako. Nakala yetu ina ukurasa wa 1, wa 2 na wa 4. Wa 3 haupo. Kwanza nilidhani wadogo zako wameuchana, nikaupeleka dirishani kwenye mwanga. Matundu ya pini ni mawili tu, yamelingana kurasa zote, hakuna kipande kilichobaki kwenye kona. Hatukupewa ule ukurasa. Karatasi hizi nimekaa nazo miaka miwili na nusu, na jana ndiyo siku ya kwanza nimehesabu kurasa.

Ukurasa wa 2 unasema miaka 5. Ukurasa wa 4 kuna saini yangu kama mzazi, na ni saini nzuri, nilitulia kuiandika.

Yule bwana aliyetuletea mkataba alituharakisha, alisema ana safari jioni ile. Ningeweza kumwambia nakwenda kusoma nyumbani, nitarudi kesho. Kutoka Mwanjelwa hadi hapa si mbali. Lakini bahasha ilikuwa mezani. Bati zilizotoka humo unazijua. Mvua za mwezi huu ni kubwa, zinapiga juu yake mpaka mama yako na mimi hatusikilizani, na kila zikipiga nakumbuka meza ile.

Mimi mpira niliujua wa kutazama. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilipochukua ubingwa wa Tanzania nilikuwa na miaka 11, na kwa akili zangu mchezaji alihitaji mguu na pumzi tu. Neno kipengele nimeanza kulisikia kwako.

Sasa sikiliza hili vizuri. Mwalimu anasema kanuni hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Ulisaini Julai 2023 ukiwa na miaka 17. Kwa hesabu hiyo miaka 3 inaisha Julai hii, miezi mitano tu imebaki. Lakini kulitamka hilo si kazi yako wala yangu. Lipelekwe kwenye kamati ya TFF, kwa maandishi, na nakala kamili ya mkataba. Mwombe katibu nakala yenye kurasa zote. Ukienda mbele ya kamati ukiwa mchezaji aliyedai kwa barua na hakukosa mazoezi, watakusikiliza. Ukienda ukiwa umetoroka, watauliza kwanza kwa nini ulitoroka. Atakayeonekana amevunja bila sababu ya haki anaweza kudaiwa fidia na kufungiwa hata miezi 4. Miezi 4 nje ya uwanja kwa umri wako!

Huyo anayekuambia uondoke usiku, atakutafutia klabu nyingine, mwombe akuonyeshe leseni. Siku hizi wakala halali anafanya mtihani wa FIFA na kupewa leseni. Akianza kukueleza habari za watu anaowafahamu badala ya kuonyesha leseni, ujue ni dalali. Na dalali ndiye aliyetufikisha hapa. Watu wa hapa nao wanasema urudi tu, Mbeya City imesharudi Ligi Kuu, uje uchezee nyumbani Sokoine. Mimi ningefurahi kuliko wote. Lakini klabu gani itakusajili wakati jina lako bado liko kwa wenzao?

Tena kuna jambo lako. Nilikuambia ufungue akaunti ya benki, ukasema mhasibu anatoa fedha taslimu na ni rahisi zaidi. Sasa ukiulizwa mwezi gani ulilipwa na mwezi gani hukulipwa, utaonyesha nini? Ujumbe wa meneja wa wasapu usiufute, hasa ule wa tarehe 14 Januari unaosema "vumilia mdogo wangu, wiki ijayo". Hapo amekiri deni. Na mtu akija na bahasha ya laki moja na karatasi ya kusaini kwamba hudai tena, usishike kalamu. Niambie kwanza. Safari hii nitasoma.

Sikukwambia hili, na pengine nilipaswa. Ule mchezo ulioingia dakika ya 71 nilikuwa kwenye banda la kuonyeshea mpira pale barabarani. Ulimpita beki wao upande wa kulia, ukarudi, ukampita tena, na mzee mmoja nisiyemjua akanishika bega akasema, "Huyu dogo ana mguu." Sikumwambia wewe ni nani. Sauti ilinikwama. Nikamnunulia chai, na wenzake wote pia. Nilipofika nyumbani mama yako aliniuliza nimetoka wapi nina uso ule.

Kwa hiyo usidhani nakuzuia kwa sababu ya fedha. Vikoba wananidai laki mbili na nusu, nilikopa Desemba nikitegemea ya kwako itaingia. Hilo ni langu, nitalimaliza mimi, usilitaje kwa mama yako.

Habari nyingine si mbaya. Ng'ombe amezaa ndama jike, maziwa yapo. Goti la mama yako bado, lakini shambani anakwenda. Maparachichi mnunuzi alichagua makubwa tu, mengine akayaacha chini ya mti akisema hayafikii kipimo, ingawa siku ya makubaliano hakutaja kipimo chochote. Safari hii nilimwambia aandike. Ameandika, na karatasi ninayo. Mdogo wako wa kike ameanza kidato cha kwanza, anadai godoro na ndoo, godoro nimenunua.

Kondakta atakupigia basi likifika Mbezi. Amebeba mchele wa Kyela kilo 10, na maparachichi kwenye boksi. Bado ni magumu, yafunge kwenye gazeti yakae siku nne. Ndani ya mchele, kwenye mfuko wa nailoni, kuna nakala ya zile kurasa tatu na rasimu ya barua ya madai ambayo mwalimu ameiandika. Jina lako na tarehe utajaza mwenyewe. Kuna pia kikaratasi cha jinsi ya kuwapata SPUTANZA, chama chenu cha wachezaji. Nenda ukawaone wakusomee barua kabla hujaipeleka kwa katibu.

Iwe mezani kwake Ijumaa. Jumamosi usiku nitakupigia saa tatu, na nitapiga tena saa tano. Pokea, hata kama umenikasirikia. Nataka tu kusikia uko kitandani kwako.

Baba yako