Mheshimiwa, tusimamie kwanza hiyo miaka 18 ya leseni

Mheshimiwa unayesimamia usalama wa barabara zetu hapa Dodoma,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu, na ni mzazi wa Nkuhungu.

Jumanne iliyopita mwanangu wa darasa la pili aligongwa na pikipiki akivuka kwenda shule. Aliyekuwa anaendesha ana miaka 15. Nimewahi kumfundisha. Hana leseni, hana kofia, pikipiki ni ya mjomba wake, na alikuwa amepiga mishikaki, wanafunzi watatu nyuma yake. "Mwalimu, breki zimekataa," aliniambia huku anatetemeka, kandambili moja mguuni, nyingine iko katikati ya barabara. Nilishindwa hata kumgombeza. Mwanangu amefungwa hogo mpaka kwenye paja, usiku halali, na mimi silali.

Ulipokuja kwenye mkutano wa mtaa tulikueleza habari za watoto wanaokabidhiwa pikipiki jioni, wenye nazo wakishachoka. Ulituahidi askari pale njia panda. Kisha ukasema dawa ya kudumu ni umri wa leseni upande hadi miaka 21. Tulipiga makofi, nami nilipiga. Askari hatujamwona hadi leo.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Leseni ya gari inaanzia miaka 18, na mtoto wa miaka 15 haruhusiwi kubeba abiria hata mmoja. Aliyemgonga mwanangu alishaivunja sheria iliyopo. Hiyo ya miaka 21 ingemzuiaje?

Sisemi umri si kitu. New Zealand waliupandisha kutoka miaka 15 hadi 16 mwaka 2011. Lakini tangu 1987 walikuwa na leseni ya hatua kwa hatua: anayeanza haendeshi usiku wa manane wala hapakii abiria bila msimamizi mzoefu, hadi afuzu. Maana mgeni wa usukani ni mgeni tu, hata awe na miaka 25. Huku kwetu wangapi wamejifunzia bodaboda uwanjani kwa siku mbili, kesho yake wamebeba mama mjamzito?

Kwa hiyo Mheshimiwa, hiyo miaka 21 isubiri. Tuletee askari. Wawili tu, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wawaulize leseni wanaoendesha, na mwenye pikipiki aliyemkabidhi mtoto aitwe naye ajibu. Tafadhali, askari wawili. Mdogo wa mwanangu anaanza chekechea Januari, na njia ni ile ile.

Mzazi wa Nkuhungu