Baada ya malkia kufa, Yanxi Palace imetuangusha

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niseme kuhusu hii tamthilia ya Kichina, Story of Yanxi Palace, ile ya 2018 yenye sehemu 70, maana huku Ngamiani imeingia kwa flashi ikazunguka nyumba kwa nyumba na jioni wanawake tunajazana kwa jirani yangu kuiangalia, maandishi ya chini ni ya Kiingereza basi binti yangu ndo anatusomea kwa Kiswahili.

Mimi nashona kofia za bulibuli, miaka mingi sasa, kwahiyo kilichonikamata mwanzo sio mapenzi, ni ile karakana ya darizi. Wei Yingluo anaingia kwa mfalme Qianlong kama mdarizi tu, anamtafuta aliyemuua dada yake, anakabidhiwa joho la malkia Fuca la siku ya kuzaliwa halafu uzi wa manyoya ya tausi unaibiwa. Binti wa watu akachukua manyoya ya mkia wa kulungu akayafanya uzi akamaliza kazi. Nikamwambia mwanangu simamisha hapo, rudisha nyuma, nione vidole. Anayeshona anajua uzi ukikuishia katikati ya kazi moyo unavyoshtuka, unakuta dukani rangi ileile, ukiutia kwenye kofia unakataa kukaa na mwenzie. Waliotengeneza tamthilia hii wameiheshimu kazi ya mkono, hata kichwani malkia anavaa maua ya kutengeneza, na Fuca wa kweli anasifiwa kwenye historia yao kwa kupenda maua hayo kuliko vito.

Na maneno yao sasa! Wale masuria hawatukanani ovyo, mtu anasifia chai ya mwenzie kumbe kamchoma mpaka ini. Sisi wa Tanga tulioishi na wake wenza tunaijua hiyo, ndo kazi ya kanga, unapita nayo mlangoni kwa mtu hujafungua mdomo na ujumbe umefika.

Lawama yangu iko nusu ya pili. Mapenzi ya Yingluo na Fuheng, mdogo wake malkia, yamejengwa polepole mpaka unayaamini, kisha Fuheng anaozwa mke mwingine na Yingluo anaenda kuwa suria wa mfalme ili alipize kisasi cha malkia. Kisasi nimekielewa, ila baadae tunaambiwa hayo ni mahaba, yameanza lini? Pale kwa jirani hakuna aliyeona yakianza. Tena kila mtego anaowekewa unamnasa aliyeutega, mwanzo tulipiga makofi, baadae tukawa tunajua kabla hata binti yangu hajasoma.

Kinachoniuma hasa ni kifo cha malkia. Kwenye tamthilia mtoto wake anakufa, naye anajirusha kutoka juu ya jengo. Fuca wa kweli alifariki 1748 kwa maradhi akiwa safarini na mumewe. Alishafiwa na watoto wawili wa kiume, wa pili miezi michache tu kabla ya hapo, akainuka na majonzi yake akafunga safari, na Qianlong akamlilia kwa mashairi miaka na miaka. Hiyo subira ya mama aliyezika wanawe ndo walitakiwa watuoneshe, mimi nimezika na najua asubuhi ya kwanza unavyowasha jiko mikono haina nguvu lakini unawasha. Wamemnyang'anya asubuhi zake zote.

Ombi langu kwa vituo vya televisheni, tuwekeeni tamthilia kama hii kwa Kiswahili, TBC waliweza 2011 na ile tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou, na tafuteni watu wa pwani kwenye kutafsiri maana vyeo na vijembe vya hawa masuria vinamshinda binti yangu, anaishia kusema "yule anamwambia huyu".

Tumeimaliza wiki mbili zilizopita na sasa tunairudia. Jirani yangu, mwenye televisheni yake, ikifika siku ya malkia kufa anatuachia rimoti, anajitanda kanga anatoka kukaa barazani mpaka iishe.

Mama Zuhura,
Ngamiani, Tanga