Barua kwa mwanangu: hiyo nyanya yako ya dakika 25

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Majengo. Sisi wazima, ila ile mashine ya ovaloki, ya kushonea kingo za nguo zisifumuke, imeanza tena kukata uzi, na fundi wake kila siku ni kesho.

Ulipokuja wikendi ile ukakaa mezani na laptop yako, nilinyamaza kwa sababu ulikuwa kazini. Lakini nilikuwa nakutazama. Simu inalia, unaacha, unanyanyuka, unazunguka uani bila raha. Inalia tena, unarudi, unakodolea kioo macho dakika nzima kabla kidole hakijagusa kitu. Mara ya tatu nikakusikia unasonya. Nikauliza kuna nini, ukanijibu, "Ni nyanya, mama." Nami nikadhani nyanya yako, Mungu amrehemu, kakutokea ndotoni.

Ndipo ukanieleza habari za yule Mwitaliano, Francesco Cirillo, mwanafunzi wa chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1980, aliyekuwa akikaa kusoma na akili haitulii. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajiwekea dau la dakika 10 tu za kusoma kwelikweli. Baadaye ikawa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na kila mizunguko minne ikitimia, mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Kumbe ndiyo kengele iliyokuwa ikilia kwenye simu yako. Nimempenda. Lakini angalia shida yake ilikuwa ipi: alikuwa hawezi kuingia kazini. Wewe siku ile ulikuwa umeshaingia, na saa ndiyo iliyokuwa ikikutoa.

Kuna kisa sijawahi kukuambia. Mwaka mmoja kabla hujazaliwa nilipewa kazi ya gauni la mahameli, rangi ya zambarau, la mama wa bibi harusi. Mahameli yana manyoya yanayolalia upande mmoja, ukigeuza kipande rangi nayo inageuka. Kwa hiyo huyakunji ukakata mikono miwili kwa mpigo kama kitambaa cha sare. Unakata mmoja, halafu unapindua karatasi ya kipimo, ndipo unakata wa pili. Nilikuwa nimemaliza wa kwanza jirani akaniita, chai imeiva. Nikaenda. Chai na maneno, robo saa haikufika. Niliporudi nikalaza karatasi vilevile ilivyokuwa, nikapitisha chaki, nikakata. Mikono miwili, yote ya kushoto! Na kitambaa kimekwisha. Nilikwenda Eastleigh na pesa ya kodi ya nyumba kutafuta mita moja ya kufidia, na rangi haikushika sawasawa. Yule mama aliona. Hakusema neno, lakini hakurudi tena kwangu.

Tangu hapo siku ya kukata ina sheria yake: mkasi hauendi chini mpaka nguo ile yote imekuwa vipande. Hapa Nairobi adhuhuri haihami sana, mwaka mzima iko kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo hivi. Basi ikifika saa tano najiuliza, gauni hili litakatika lote kabla ya adhana? Kama halitakatika, sikunjui kitambaa kabisa. Nachukua vifungo.

Vifungo ndivyo kazi ya kengele. Ukiniita nikiwa kwenye kifungo cha sita, nitarudi nikitie cha saba, hakuna kilichoharibika. Na kwa vile kazi hiyo inachosha kwa kurudiarudia, mtu akiambiwa atasimama baada ya dakika 25 hupata moyo. Sare za Januari, kola zikiwa rundo, hata dakika sihesabu. Nahesabu kola. Kumi, nasimama, nanyoosha mgongo, nakunywa maji, kumi nyingine.

Sasa kazi yako. Uliniambia ukiandika programu unabeba mambo mengi kichwani kwa pamoja, hili linaliita lile, ukiondoka yote yanamwagika. Hayo ni mahameli, mwanangu. Yape saa moja na nusu, au mpaka kipande kimoja kimefanya kazi, halafu pumzika nusu saa ya haki, si dakika tano za kuchungulia simu. Zile jumbe za wateja ni vifungo, zikusanye uzijibu mara tatu kwa siku na kengele ikiwa mezani. Na ile ripoti ya mwisho wa mwezi unayoikimbia mpaka unaamua kufua nguo ambazo si chafu, hiyo ndiyo uipe nyanya. Hata dakika 10 kama yule kijana alivyoanza.

Kuna hali moja tu ningekuambia usingoje kengele wala kumaliza. Ukikwama mahali pamoja, unajaribu lilelile na linagoma vilevile, ondoka. Mimi bobini ya cherehani, ile ya uzi wa chini, ikinisumbua nikailazimisha, huishia kuvunja sindano, na sindano ndiyo nafuu. Nikienda kuanika nguo nikirudi, mara nyingi naona uzi ulikuwa umepitishwa vibaya tangu mwanzo.

Na kazi nyingine huja na mapumziko yake ndani, usiyaongeze mengine. Nyanya yako alipokuwa akipika mahamri, unga ulipokuwa ukiumuka alilala kabisa, na mafuta yakishachemka hata ukibisha hodi hakuitikia. Wewe nawe kompyuta ikiwa inajaribu programu yako na unangoja majibu, hapo ndipo pa kunyanyuka.

Macho lakini ni hesabu nyingine. Daktari wa macho alinipa hii nilipoanza kushindwa kutunga uzi: kila dakika 20, inua uso utazame kitu kilicho umbali wa futi 20, kwa sekunde 20. Mimi natazama mnara wa msikiti. Mikono inabaki palepale kwenye kitambaa, na wazo halikatiki. Wewe dirisha unalo, lifungue pazia.

Ikibidi uache katikati, na itabidi, maana mkubwa wako kazini akipiga hutamwambia subiri namaliza mkono, weka alama. Mimi huchoma pini pale mkasi ulipofika na kuchora mshale wa chaki kuonyesha upande unaofuata. Wewe andika mstari mmoja: nimefika hapa, kinachofuata ni hiki. Laiti ningechora mshale mmoja tu juu ya ile karatasi.

Jumamosi ukija, pitia Eastleigh uninunulie uzi mweusi wa ovaloki, koni mbili. Na usije asubuhi, nina suti ya kukata na sitakufungulia mlango. Njoo baada ya alasiri.

Mamako