Taarifa ya mwaka 2012 ya mwenyekiti kwa wanachama wote wa chama chetu, Minot, North Dakota, Marekani

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, vijana wa kambi ya jeshi na nyie mnaoshinda kwenye malori huko kwenye mafuta, Stanley na Williston, salamu za mwaka mpya na poleni na baridi. Taarifa hii ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu wa tarehe 12 Januari 2013 lakini waliokuja ni 13 na akidi yetu, yaani idadi ya chini ya kuhalalisha mkutano, ni 22, kwa hiyo naituma kwa maandishi ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Naomba isomwe mpaka mwisho, maana najua kuna watu watatafuta tu pale palipoandikwa nyumba.

Shughuli za kawaida mnazijua. Pasaka tulikula pamoja, Idd tukala pamoja, Julai tulichoma nyama wiki ile maonyesho ya jimbo yaliporudi baada ya kufutwa 2011 kwa ajili ya mafuriko. Disemba tukaunganisha uhuru wa Tanganyika na Jamhuri ya Kenya siku moja kama kila mwaka, na ndugu zetu wa Kongo walipika na tunawashukuru sana. Wagonjwa 4 tuliwatembelea, watoto 2 wamezaliwa, misiba 2. Basi.

Sasa nyumba.

Maneno yamesemwa mengi kuhusu hela ya mfuko wa msiba tuliyopangia nyumba ya kuwalaza wenzetu wasio na pa kukaa, na mengine yamenifikia kupitia watoto wangu, jambo ambalo limeniuma, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo.

Mimi nilipofika hapa 2008 nililipa dola 540 kwa mwezi, vyumba viwili, na mwenye nyumba ndo alikuwa ananibembeleza nisihame. Anayekaa pale leo ananiambia analipa 1,150 na zulia ni lile lile. Kilichotokea katikati wote tumekiona. Huko magharibi wameanza kuchimba mafuta kwa kupasua miamba chini ya ardhi na watu wakaja kutoka kila jimbo, mwaka 2012 North Dakota imeipita Alaska ikawa ya pili nchi nzima nyuma ya Texas, mapipa zaidi ya 700,000 kwa siku, na Williston iko zaidi ya maili 100 kutoka hapa lakini kule kukijaa watu wanarudi kulala kwetu. Halafu Juni 2011 mto Souris ukafurika, maji ya mabwawa ya Kanada yalipoachiwa na mvua juu yake, ukaivunja rekodi ya 1881, watu kama 11,000 wakahamishwa na nyumba zaidi ya 4,000 zikaingia maji. Mji wenyewe sensa ya 2010 ulikuwa na watu kama 41,000 tu. Sasa toa nyumba 4,000 kwenye mji kama huo, ongeza wachimba mafuta, halafu kambi iko pale pale maili 13 kaskazini na mabomu yake na makombora yake na askari wanaokuja na kuondoka kila mwaka. Hapo hata mtoto anajua kodi itaenda wapi. Na jimbo hili halina sheria ya kumwekea mwenye nyumba kikomo, akitaka kupandisha mara mbili anapandisha.

Nilisema hili kwenye kikao cha baraza la mji, nilisimama pale mbele peke yangu na karatasi yangu, mwanachama mwingine hakuwepo hata mmoja.

Januari 2012 saa 5 usiku nilipigiwa simu na dada mmoja akaniambia kuna kijana wetu analala kwenye gari, parkingi ya duka kubwa kule kusini. Nikaenda. Nilikuta pickup, vioo vyote vina barafu, na barafu ile ilikuwa kwa ndani, ni pumzi yake iliyoganda. Nikagonga. Akafungua akiwa kajifunika blanketi mbili na buti kaziingiza ndani ya blanketi zisigande, simu kaishika mkononi imezima. Alikuwa na kazi tayari ya kubeba maji ya visima vya mafuta, mshahara mzuri kuliko wangu, na alikuwa na hela ya kodi mfukoni, ila nyumba hakuna. Nikamchukua akalala sebuleni kwangu wiki 3. Huyo ni mmoja. Mwezi ule ule mama mmoja mwenye watoto wawili, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee, aliletewa barua chini ya mlango, kodi ilikuwa 625 kuanzia tarehe mosi inakuwa 1,250. Alinionyesha ile barua ni mistari minne, hata pole haina. Akaniuliza, mwenyekiti nifanyeje? Mimi ningemjibu nini, kwamba chama chetu kina dola 9,400 benki lakini zinasubiri ufe?

Ndo nikawaita kamati. Tukapata nyumba ya vyumba vitatu kule bondeni, moja ya zile zilizoingia maji zikakarabatiwa, kuta mpya zinanukia rangi na dawa lakini ukiingia gereji bado mstari wa matope uko ukutani, umenipita kifuani. Kodi 1,800. Nikaitisha mkutano wa dharura Jumamosi tarehe 25 Februari. Walikuja watu 11 kati ya 64. Kumi na moja! Wote 11 wakasema chukua. Jumanne yake mwenye nyumba akanipigia, akasema mpaka saa 11 jioni, baada ya hapo anawapa wengine. Nilipofika kasimama mlangoni na funguo mkononi, na nje kwenye pickup wamekaa wanaume wawili na ovaroli zao za kazini, kampuni yao ilikuwa tayari kulipa miezi 6 kwa mkupuo. Mzee yule kwa kweli alikuwa mtu wa haki, akasema niliahidi kwako kwanza. Sasa nyie mnaosema ningesubiri akidi, ningesubiri vipi? Ningemwambia wangoje wanachama wangu mpaka theluji iishe?

Mkataba uko kwa jina langu na hili limesemwa sana, kwamba mwenyekiti kajipangishia nyumba kwa hela ya marehemu. Chama chetu hakijasajiliwa, nimekuwa nikiomba tukisajili tangu 2010, na mwenye nyumba hawezi kusaini na kitu kisichosajiliwa, alitaka mtu mwenye historia nzuri ya mikopo. Katika kamati aliyekubali kuweka jina lake ni mimi tu. Nyumba ikiharibika nadaiwa mimi, kodi ikichelewa nachafuka mimi. Sijalala pale hata usiku mmoja. Na ndiyo, mdogo wake mke wangu alikaa pale wiki 5, alilipa kama wengine na risiti anazo mweka hazina, nendeni mkaone badala ya kusemea kwenye simu.

Katiba yetu inasema mfuko ni wa msiba na dharura. Na dharura. Neno hilo lipo, nililiandika mimi mwenyewe tulipokaa jikoni kwangu 2009 tukitunga katiba, na nilikuwa na maana yake.

Hesabu ni hizi, naziweka zote pamoja. Mfuko ulianza mwaka na 9,400. Tulitoa dipoziti 1,800, kodi ya Machi na Aprili 3,600, magodoro na vyombo 620, jumla 6,020, zikabaki 3,380. Kuanzia Mei mpaka Disemba kodi 14,400, na umeme, gesi na maji ya mwaka mzima 1,870. Waliokaa walichangia 350 kwa mwezi kwa mtu mzima, watoto bure, wakaleta jumla 14,650. Pengo likawa 1,620, mimi nilitoa 900 za kwangu ambazo sizidai, na mfuko ukatoa 720. Msiba wa Julai ulichukua 1,000. Kwa hiyo ilipofika Novemba mfuko ulikuwa na 1,660.

Na hapo ndo kidonda kilipo, sitaki kukizunguka. Dada yetu alifiwa na mume Novemba na katiba inasema apewe 3,000 kusafirisha mwili. Tulikuwa na 1,660. Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, nyumbani kwake, wala sikumtuma katibu. Hakunijibu kitu, alinitazama tu halafu akaniuliza kama nimekula. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaanza kupiga simu, siku 9 tukapata harambee ya 4,325, mwili ukaondoka na mjane akaondoka nao na tiketi yake ikalipwa. Wanaosema tulimdhalilisha mfiwa, namheshimu kila aliyesema hivyo kwa sababu anamjali. Ila mfiwa mwenyewe ndiye aliyeniambia kwenye mkesha wa msiba kwamba kati ya waliokuja kumpikia na kumfulia, wanne ni waliopita kwenye ile nyumba. Nyumba ile imelaza watu wazima 14 na watoto 5, na wale watoto wa yule mama hawakuhama shule. Ningerudishwa Februari ile ningesaini tena.

Nililokosea nalikubali, ningewaandikia wote barua wiki ile ile ya Machi, badala yake mlizisikia habari mitaani. Kwa hilo nawaomba radhi.

Sasa tuseme na upande wa pili. Ada ni 120 kwa mwaka, yaani 10 kwa mwezi. Kati ya 64 waliolipa yote ni 23, nusu nusu ni 14 walioleta 940, na 27 hawajatoa hata dola. Zimeingia 3,700, zimetumika 3,415 kwa ukumbi na chakula na kadhalika, zipo 285. Ada ambayo haikulipwa ni 3,980. Zingekuwepo, dada yetu angepewa 3,000 zake siku ile ile na nyumba ingekuwepo vile vile. Naomba kila anayenyoosha kidole ajitazame kwenye hiyo listi, katibu anayo. Baadhi ya walionipigia simu kwa hasira kuliko wote wako kwenye wale 27. Nimeumia lakini majina siyaandiki hapa.

Ndugu zetu wanajeshi nawaambia kwa upendo. Nyie posho ya nyumba inaingia kila mwezi kufuatana na cheo na familia, na mnayo haki nayo, mnafanya kazi nzito pale. Lakini viwango vile viko wazi kwenye intaneti na wenye nyumba wanavisoma kabla yenu, posho ikipanda Januari na kodi inapanda na mwenzako asiye na cheo analipa kodi hiyo hiyo kwa mshahara wa saa. Kwa hiyo mtu wa kambini akiniambia nyumba si tatizo la chama, namwelewa anasema kwa anachokiona kwake, lakini aje Jumapili moja bondeni aone matrela ya FEMA, wale wa serikali wanaoshughulikia maafa, bado yamekaa kwenye viwanja vya watu, mwaka na nusu sasa, mabomba yanaganda na mtu anaishi mle na watoto.

Mahudhurio sitarudia, mmeshaona 11 na 13. Mikutano yote ya 2012 haikufika akidi isipokuwa ile ya Disemba yenye pilau.

Mipango ya 2013: tunategemea kusajili chama, safari hii Mungu akipenda tumalize. Tunatafuta namna ya kutenga mfuko wa msiba na mfuko wa makazi kila mmoja peke yake, na kamati itakaa. Kuna apatimenti nyingi zinajengwa juu ya kilima, tunatumaini zikiisha bei itatulia. Tumefikiria pia kuonana na makanisa na msikiti.

La haraka ni moja. Mkataba wa nyumba unaisha tarehe 28 Februari na mwenye nyumba anataka 2,300 kuanzia Machi, amesema ana watu wanne wanaingoja. Dipoziti yetu 1,800 bado iko kwake. Mle ndani sasa hivi wapo watu wazima 5 na mtoto mmoja wa miezi 7. Nahitaji mkutano Jumamosi tarehe 9 Februari saa 8 mchana, ukumbi ule ule, watu 22. Mtu asiye na usafiri anipigie, nitamfuata mwenyewe, hata kama ni mara tano. Na anayetaka tuiache nyumba naye aje, asimame aseme, nitaandika jina lake na sababu yake kwenye kumbukumbu kwa heshima zote. Jina langu nitaliweka tena kwenye mkataba mkiniambia niliweke, lakini safari hii nataka mnipe ruhusa hiyo mkiwa mmekaa mbele yangu.

Wenu,
Mwenyekiti