Ukikipa chuo farasi, andikianeni kabla hajapanda lori

Mhariri, salaam aleikum. Naomba nafasi kidogo niwafikie wenzetu wa farasi wa bichi, wale wanaopandisha watu kuanzia Nyali mpaka Bamburi, na pia walimu wa vyuo wanaopokea wanyama.

Babangu alikuwa saisi tangu ujana wake, akilisha na kuosha farasi wa wenyewe, mpaka akajaaliwa kununua wake mmoja, dume lililohasiwa, rangi ya kijivu, tukamwita Kaskazi. Huyo farasi ndiye alotusomesha. Watoto wa kutoka bara ambao hata bahari ndio mara ya kwanza kuiona walikuwa wakiwekwa juu ya tandiko wanalia, wakizungushwa mara moja tu hawataki tena kushuka, na yeye ametulia, mawimbi yavunjike, ngamia wapite, pikipiki zipige kelele, hashtuki.

Halafu ikaja 2020, corona, bichi zikafungwa, wageni hakuna. Lakini farasi hajui mambo ya corona, yeye ataka kula. Wa kilo 450 ataka kama kilo 9 za nyasi kavu kila siku, maji ndoo mbili na kwa joto letu hili huzidi, kwato kukatwa kila wiki 6 mpaka 8, chanjo, na nyasi zenyewe huwezi kumwaga tu chini manake atakula na mchanga wake, ukijaa tumboni unamuua. Baba akauza friji, akakopa kila duka la mtaani, mwisho akaambiwa kuna chuo fulani (sikitaji jina) kinataka farasi wa kufundishia wanafunzi kupanda na kutunza. Kaskazi alikuwa na miaka 14 wakati huo. Baba akampeana bure bilashi, tena kwa furaha, aliona ni kama kumpeleka mtoto shule. Lori likaja, wakapeana mikono, basi. Karatasi hata moja hakuna.

2022 nikaenda naye kumtazama, tumebeba karoti. Tukaambiwa ameuzwa kitambo, aliyekuwa akishughulika naye ameshahama, na aliyemnunua hajulikani. Baba hakusema neno. Zile karoti akarudi nazo mpaka Kisauni.

Watu hutuambia tenda wema nenda zako. Kwa pesa sawa, kwa nguo sawa, lakini kwa mnyama mie sikubali, manake farasi aweza kuishi miaka 25 hata 30, na chuo kitamtumia labda mitano sita, sasa hiyo iliyobaki ni ya nani?

Mtoto wa dadangu asoma Marekani na yuko kwenye timu ya farasi ya chuo chao, juzi nikampigia nikamuuliza huko kwenu hufanyaje. Kumbe vyuo vingi kule huendesha mafunzo kwa farasi wa kupewa. Wana mashindano ya vyuo tangu 1967 ambayo mwanafunzi haji na farasi wake, hupigwa kura papo hapo, waangukia farasi usiyemjua na hupewi muda wa kumzoea, wapanda na kuingia uwanjani. Ndio maana hutafutwa farasi mpole, asiyebagua mpandaji. Mie nikasema moyoni, huyo si ndiye Kaskazi kabisa, kila siku ya Mungu alipandwa na mtu asiyemjua.

Na hawamchukui hivi hivi. Mara nyingi huenda kwanza kwa majaribio, kama siku 30 hivi, dokta wa wanyama amtazame miguu, macho na pumzi, apimwe damu, kazi ikimshinda arudi kwa mwenyewe. Anayetoa hupata nafuu ya kodi, thamani ikizidi dola 5,000 lazima mthamini rasmi aandike, na chuo kikimuuza kabla ya miaka 3 kuisha kinatakiwa kuwaarifu watu wa kodi. Lakini hata huko, akaniambia, farasi akichoka wanaweza kumuuza na hawana kosa, ni mali yao, isipokuwa mliandikiana kwenye agrimenti kwamba siku ya kumtoa, aliyempeana ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Wengine hata hawapeani, wanaazima, chuo kinamlisha na kumtumia na akizeeka anarudi nyumbani.

Simu moja tu, mhariri. Tungepigiwa tungechanga ukoo mzima tukamfuata.

Kwa hivyo ndugu zangu wa bichi, najua wapo wanaofikiria kupeana farasi manake malisho yamewashinda, peaneni, wanafunzi wetu nao wasome, ila andikeni. Andikeni umri wake wa kweli, mguu uliowahi kuvimba, tumbo lililowahi kumsumbua, msifiche, atapandwa na mtoto wa mtu. Na andikeni mwisho wake utakuwa vipi. Na nyinyi walimu msione mwenye farasi akiomba karatasi mkadhani hawaamini.

Kaskazi ana kovu dogo juu ya goti la mbele la kushoto. Huenda sasa ameshakuwa mweupe kabisa, farasi wa kijivu hugeuka hivyo wakizeeka, lakini ukimpigia mluzi hugeuza sikio moja kwanza kabla ya kichwa. Mwenye kumuona atuarifu kupitia gazeti hili. Hatudai kitu. Baba lijamu yake bado ameitundika ukutani na ataka tu kujua yuko wapi na anakula nini.

Binti ya saisi,
Kisauni, Mombasa