Mhariri, Kierkegaard mmemsingizia

Ndugu Mhariri,

Mimi huwa siandikagi magazetini, nasoma tu nikimaliza mama watoto anafungia vitumbua, ila makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu udhanaishi, ile falsafa inayouliza maana ya kuishi na mtu kujichagulia njia yake, imenikaa kooni mpaka leo. Mwandishi wenu kawatia wote kapu moja, wale Wafaransa Sartre na Camus na huyu Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark wa karne ya 19, halafu anasema hawa ni watu waliomkana Mungu. Kwa Sartre sina ubishi, mwenyewe alisema wazi haamini. Lakini Kierkegaard jamani? Huyo alikuwa Mkristo haswa, na ugomvi wake na wakubwa wa Copenhagen ulikuja kwa sababu aliichukulia dini serious kuliko maaskofu wao.

Najua kosa linatoka wapi. Wengi wetu neno udhanaishi tulikutana nalo sekondari tukisoma Kezilahabi, mwalimu akasema ni kukata tamaa na maisha, tukaandika, tukafunga daftari.

Kwanza bila baba yake humwelewi huyu mtu. Mzee Michael alikuwa mtoto wa kimaskini anachunga kondoo huko Jutland, mashambani Denmark, siku moja njaa na baridi vimemzidi akapanda kwenye kilima akamlaani Mungu. Baadae akaenda mjini, biashara ya nguo za sufu ikamnyookea akatajirika kwelikweli, lakini lile neno hakulisahau mpaka anavuka miaka 80. Mke wa kwanza akafa, akaoa binti wa kazi ambaye tayari ana mimba yake, wakapata watoto 7, Søren ndo kitinda mimba, 1813. Mzee anakufa 1838 wamebaki wawili tu, Søren na kaka yake Peter. Nyumbani waliamini hakuna atakayevuka miaka 33, umri wa Yesu, na Søren alipofikisha 34 alishangaa kwamba bado yupo. Sasa mtoto aliyelelewa hivyo unamwambiaje dini ni suala la kujiandikisha tu kanisani?

Mambo ya Regine, mchumba wake, nayaruka, mmeyaandika ninyi vya kutosha, ila mlisahau kusema kwamba aliyevunja uchumba mwaka 1841 ni yeye mwenyewe Søren, na bado kwenye wosia akamwachia huyo huyo Regine vitu vyake wakati dada wa watu ashaolewa na mwingine.

Mngesoma kile kitabu chake cha 1843 kuhusu Ibrahimu msingeandika mlichoandika. Hadithi tunaijua wote, Wakristo wanaisikia kanisani na Waislamu wanaikumbuka kila Idi ya kuchinja, na tunaijua mno ndo maana haitushtui tena, tunakimbilia kondoo aliyeletwa badala ya mtoto. Yeye anakukamata mkono anasema subiri, hiyo safari ilikuwa ya siku 3, punda anatembea taratibu, baba kakaa na siri yake na mtoto yupo pembeni. Halafu anatoa mfano: mchungaji kahubiri vizuri Jumapili jinsi Ibrahimu alivyokuwa mkuu, muumini mmoja anaenda nyumbani anataka kufanya hivyo hivyo kwa mwanae, mchungaji anasikia anakuja mbio anamfokea, shetani gani kakuingia wewe mtu! Na mahubiri ni yake mwenyewe. Mimi nilicheka halafu nikanyamaza. Anauliza tu kama tunachokisifu tunakijua, sasa kumkana Mungu kuko wapi hapo?

Tena ninyi watu wa magazeti mngemwonea huruma, maana gazeti ndo lilimharibia maisha. Desemba 1845 aliandika kwenye gazeti la Fædrelandet kuwachokoza wale wa The Corsair, gazeti la dhihaka, akasema naona aibu mnawatukana wote mimi mnaniruka, basi nitukaneni na mimi. Wakamtukana! Kuanzia Januari 1846 ni katuni juu ya katuni, mgongo wake, miguu, suruali eti mguu mmoja mrefu mwingine mfupi. Na huyu alikuwa mtu wa kutembea mitaani, anapiga stori na kila mtu, muuza samaki, profesa, yeyote, sasa akawa hawezi kutoka bila watoto kumfuata wanamcheka. Alijitakia, nakubali, ila haikuwa haki.

Mwisho wake nao unajibu makala yenu. Askofu Mynster, mkuu wa kanisa la serikali la Denmark, alifariki 1854, msomi mmoja, Martensen, akamsifu kwamba alikuwa shahidi wa kweli kama wale mashahidi wa zamani, na Kierkegaard akalipuka, anasema mashahidi walipigwa na kuuawa, huyu kala vizuri na kupewa heshima na serikali. 1855 akatoa kijarida chake mwenyewe cha kulishambulia kanisa hilo, matoleo 9, la 10 likakutwa mezani ashakufa. Oktoba alianguka barabarani, hospitali akakataa komunyo kwa mchungaji, anasema hao ni watumishi wa mfalme, akiletewa na muumini wa kawaida atapokea. Hawakumletea. Akafa Novemba ana miaka 42. Huyu ndo mliyemwita mpagani.

Ni kweli wanafalsafa wa baadae kina Heidegger na Sartre walichota kwake, ile hofu aliyoifananisha na kizunguzungu cha mtu anayechungulia korongo, na kwamba kuchagua huwezi kumwachia mwenzio, ila mtu akikopa jembe kwako akaenda kulima bangi kesi isiwe yako. Karl Barth, mwanateolojia wa Kikristo, naye alichota, akabaki na imani yake.

Naomba masahihisho, hata mistari mitatu. Na jina mlilikosea pia, kuna a mbili, Kierkegaard, linatokana na neno la Kidenmaki la kiwanja cha kanisa, pale wanapozikia.

Msomaji wenu,
Morogoro